Mstari Mwekundu wa Saa Tatu

Kinya, aliyechukua funguo za ofisi yangu, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki habari za miaka yangu katika tawi la Meru na Embu la chama chetu cha wahasibu. "Kurasa nne tu, Mzee Mutwiri," akasema, "watu siku hizi hawasomi." Nitaandika nitakavyo, asiyetaka kusoma aache. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa nilikuwa na kimoja tu, cha ukatibu wa tawi, nikazeeka nacho. Mshahara pia sitautaja, maana mke wangu atazisoma karatasi hizi kabla yenu.

Siku yangu ya kwanza ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo mjini Meru, na mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe nakumbuka wahasibu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Njeru wa Embu, mkaguzi wa hesabu aliyestaafu, ambaye alikuwa amelibeba tawi tangu lianzishwe. Hakuniuliza nilikosomea. Alinikabidhi vitu vitatu: daftari kubwa la mahudhurio lenye jalada gumu, rula ya mbao na kalamu nyekundu.

"Kijana, semina inaanza saa tatu," akaniambia. "Saa tatu ikifika, piga laini chini ya jina la mwisho. Mwenye atakuja baadaye aandike chini ya laini. Akae, asome, akule, lakini masaa hapati."

"Na kama ni mtu mkubwa?" nikauliza.

Akanitazama juu ya miwani. "Mkubwa si ako na saa pia? Aiangalie."

Kwa msiojua, masaa ndiyo uhai wa mhasibu. Kila mwaka mwanachama wetu lazima ahudhurie saa kadhaa za mafunzo, ili sheria mpya na mitambo mipya isimwache nyuma. Akizikosa mwaka mmoja anaandikiwa barua. Akizikosa mara tatu mfululizo, jina lake linatolewa kwenye orodha ya wanachama hai, na kuanzia hapo sahihi yake haina nguvu. Hawezi kukagua hesabu za shule wala za chama cha ushirika. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau: kijana aliyefaulu mitihani yote hawezi kupokewa chamani mpaka mwanachama hai aliyesimamia kazi yake amtilie sahihi fomu. Mkubwa akikatwa, na wadogo walio chini yake wamekwama.

Semina yangu ya kwanza, saa tatu ilifika mwenyekiti wa tawi akiwa kwenye ngazi. Nilikuwa nasikia viatu vyake. Nilipiga mstari. Mwenyekiti akaingia, akauona, akanitazama, akauona tena, kisha akaandika jina lake chini yake mbele ya watu wote. Mzee Njeru alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo nikaitwa Mzee wa Laini, ingawa sikuwa nimefikia hata umri wa kuitwa mzee, na kusema kweli jina lilinipendeza. Nilinunua kalamu nyekundu kwa pakiti.

Sasa nitasimulia jambo ambalo kwa miaka mingi nililisimulia kwa majivuno, na leo naliandika kwa aibu. Asubuhi moja, saa tatu na dakika kumi, aliingia mwanamke mmoja kutoka Gachoka, kule Mbeere, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jina lake Wawira, mhasibu wa chama cha wakulima wa ndengu. Akainama juu ya daftari, akauona mstari. Nikamwonyesha kwa kalamu mahali pa kuandika. Hakubishana. Aliandika, akaketi nyuma, akanyonyesha, akasikiliza siku nzima na kujaza kurasa za maelezo, kisha akaenda zake bila saa hata moja. Hakurudi tena. Mwaka wa tatu nikaliondoa jina lake mwenyewe, na kwenye chai nikawa nasema, "Hata mama mwenye mtoto nilimpigia mstari."

Watu wa Laare walikuwa kichekesho chetu cha pili. Hao walikuwa wakifika saa saba, sahani zikiwa zinapangwa, mmoja mmoja, wakihema. Tulisema wahasibu wa Laare wananusa nyama kutoka kwao kwenye milima ya Nyambene. Niliwaandika chini ya mstari, wakala, wakasikiliza somo la alasiri, wakaondoka. Mwaka baada ya mwaka wakazidi kupungua, nasi tukasema hawana haja na taaluma, miraa, yale majani ya kutafuna wanayoyauza, imewatosha.

Hivyo ndivyo nilivyofika mwaka wangu wa mwisho kazini, na barua ikaja kutoka makao makuu Nairobi. Iliandikwa kwa adabu, ndiyo maana ilitisha. Tawi lisilokuwa na wanachama hai mia moja kufikia siku ya ukaguzi mwishoni mwa mwaka litafungwa, na watu wake watahamishiwa tawi la ng'ambo ya pili ya mlima. Sisi tulikuwa sitini na wanane. Nilipiga hesabu mara tatu, nikitumaini kwamba kwa mara ya kwanza maishani nimekosea.

Fikiria mtu wa Laare akizunguka Mlima Kenya mzima kwenda semina. Asingeenda. Wa Gachoka asingeenda. Katika miaka mitatu kaunti mbili nzima zingebaki na wahasibu wa kuhesabika kwa vidole, na shule na vyama vya wakulima vingebaki mikononi mwa yeyote mwenye kalamu. Na mimi ningestaafu nikiwa katibu aliyelizika tawi la Mzee Njeru. Usingizi ulinihama.

Kinya wakati huo alikuwa makamu wa mwenyekiti. Ni mhasibu wa ushirika wa maziwa kule Ruiri, mama wa watoto watatu, na hana muda wa kumbembeleza mtu. Alikuja ofisini siku ya pili baada ya barua, akafagia meza yangu kwa kiganja. "Mzee, leta hizo daftari zote. Tutafute wenye walipotea."

Nikateremsha madaftari ya miaka ishirini na mitatu. Nilimsomea majina ya juu ya mstari. Akanikatiza. "Hao tuko nao. Nisomee wa chini."

Nikasoma. Laare. Laare. Laare. Gachoka. Laare. Kiritiri. Laare tena. Kinya akauliza, "Hawa wa Laare walikuwa wanafikanga saa ngapi?"

"Saa saba. Wakati wa chakula."

"Wote? Miaka yote?"

"Wote."

"Na gari za miraa zinatoka Laare saa ngapi?"

Mimi ni mzaliwa wa Meru. Nimezikwepa gari za miraa barabarani tangu nikienda shule ya msingi, nikitupiwa vumbi, nikijua kwamba zikipita, saa sita imeshafika. Mtoto yeyote wa kwetu anajua hilo. Miraa inachumwa alfajiri, inafungwa asubuhi, na gari lazima liondoke kabla haijanyauka. Lakini sikuwahi hata siku moja kujiuliza ni nani aliyeandika kilichomo ndani ya gari lile kabla halijaondoka. Walikuwa wanachama wangu. Wakimaliza kupakia walipanda bodaboda na magari kuja kwangu mbio, nami nikasema wananusa nyama.

Tulifika Laare Jumatano iliyofuata, na kwa kuwa sijui kuchelewa tulifika saa tatu kamili. Kaberia, mhasibu wa kikundi kimoja cha wafungaji wa miraa, alikuwa amekaa juu ya kreti kati ya majani ya migomba, kalamu sikioni, daftari magotini. Bodaboda zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine na kumwaga mabunda mbele yake, na kila mwenye shamba alitaka lake liandikwe kwanza. Aliponiona hakusimama.

"Muga, Mzee wa Laini!" akanisalimu kwa Kimeru. "Ngoja gari itoke."

Tukangoja. Tulingoja zaidi ya saa mbili kwenye benchi la mama wa chai, Kinya akinywa kikombe cha tatu na mimi nikiitazama kazi. Ilikuwa hesabu safi. Mtu anataja kwa sauti jina la shamba na idadi, Kaberia anaandika, anarudia kwa sauti, mwenye mali anaitikia, bunda linapita. Hakuna lililopita bila kuitikiwa. Kuna makampuni mjini yenye kiyoyozi yasiyo na utaratibu wa namna ile.

Gari lilipoondoka, honi mpaka kwenye kona, Kaberia akanawa mikono na kuja kuketi. "Sasa niko na wewe," akasema. "Saa tano na nusu ndio tunaanza. Leo kama ni mimi ndio niko na kalamu nyekundu, baite, si ungekuwa chini ya laini?"

Wafungaji wote wakaangua kicheko, na mama wa chai pia. Nilicheka nao, kisha nikamwambia mbele yao, "Kaberia, nimewakosea. Naomba mnisamehe." Sikuwa nimewahi kusema maneno hayo kazini, na yalitoka yakikwaruza.

Akanisogezea kikombe cha chai. "Mzee, hiyo imeisha. Lete masomo hapa Laare, saa nane mchana, uone kama utapata mahali ya kukaa."

Tukaleta. Ukumbi wa kanisa, saa nane kamili. Nilikosa mahali pa kukaa. Walikuja wahasibu wa miraa wakiwa na mabaki ya majani kwenye shati, wa shule, wa zahanati, hata wawili wa duka la nyama waliotoka Maua baada ya swala ya adhuhuri. Saa nane ilipofika nilipiga mstari, na hapakuwa na mtu wa kuandika chini yake. Nataka ninyi mnaobaki mlielewe hilo vizuri: mstari sikuufuta, wala Mzee Njeru hakukosea kunifundisha. Kosa lilikuwa langu la kudhani kwamba asubuhi ya Meru mjini ni asubuhi ya kila mtu.

Baada ya Laare tukawa na kazi ya kuuliza. Kila mahali tuliuliza kwanza ninyi mnapumzika lini, ndipo tukapanga. Ruiri tuliikwepa siku ya mnada wa mifugo. Embu mjini walipenda Jumamosi. Watu waliokuwa wamepotea miaka mingi wakaanza kunipigia simu wenyewe, na namba ikawa inapanda: sabini na tano, themanini na moja. Nilikuwa naiandika kwa chaki ukutani, na mwenye duka la pembejeo akawa anapanda ngazi kila Ijumaa kuisoma, ingawa haikumhusu ndewe wala sikio.

Gachoka niliiacha ya mwisho, kwa woga. Wawira alikuwa bado ni mhasibu wa wakulima wale wale wa ndengu, nywele zimeanza mvi. Alinikaribisha ofisini, akaniwekea kiti, akabaki amesimama.

"Siku hiyo nilitoka hapa alfajiri," akasema. "Gari ikaharibikia Chuka. Nikapanda ingine, nikasimama mpaka Meru na mtoto. Ulikuwa na haki, Mzee. Sheria ni sheria. Lakini hukuniuliza hata nimetoka wapi. Hukunisalimia."

"Kweli sikukusalimia," nikasema. "Nisamehe, mama. Nilikuwa najiona."

"Ulikuwa unajiona sana," akasema, kisha akaketi, na hapo nikajua tutazungumza.

Ndipo akanionyesha jambo ambalo sikulitarajia. Nyuma ya ghala la ndengu kulikuwa na chumba chenye ubao na madawati, na kila Jumamosi kwa miaka mingi Wawira alikuwa akifundisha uhasibu hapo bila malipo. Wanafunzi wake kumi na wawili walikuwa wamefaulu mitihani yote na wanafanya kazi chini yake katika vyama vya wakulima vya Mbeere. Wote kumi na wawili walikuwa wamekwama. Fomu zao zilihitaji sahihi ya mwanachama hai aliyesimamia kazi yao, na msimamizi wao nilikuwa nimemkata mimi.

"Nikirudi itachukua nini?" akaniuliza.

"Masaa ya mwaka mzima. Na barua ya makao makuu."

"Basi leta daftari yako."

Hakukosa semina hata moja. Ndengu zilipokuwa zinavunwa tulisogeza masomo mpaka magunia yakafungwa, na Wawira alikuwa wa kwanza kuandika jina kila mara, juu kabisa ya ukurasa. Ilipofika siku ya ukaguzi tulikuwa tisini na wawili, yeye akiwa ndani. Tulihitaji wanane zaidi, na wanane hao walikuwa miongoni mwa wale wake kumi na wawili.

Ukaguzi ulifanyika Embu, katika ukumbi wa chuo kimoja. Afisa wa makao makuu alikuwa mtu wa suti nzuri na hotuba ndefu. Barua ya kumrudisha Wawira alikuwa nayo mkobani, na bila barua ile mkononi sahihi yake ilikuwa bado haina kazi, lakini afisa alianza na hotuba. Alizungumzia uadilifu mpaka ikakaribia saa tano. Kinya alikuwa ananibana kiwiko kila dakika. Hatimaye barua ikatoka, Wawira akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaikunja, akavaa miwani, akaivuta fomu ya kwanza.

Akaanza kuisoma. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akamuuliza mwanafunzi swali, akajibiwa, akauliza jingine. Kisha akatia sahihi polepole. Akaivuta ya pili, akafanya vilevile.

Ilipofika saa sita alikuwa ametia sahihi tano. Afisa akatazama saa, akaanza kufunga faili. "Mama, si utie tu zote? Hawa ni watu wako, unawajua. Mimi nina safari."

"Mimi sitii sahihi kitu sijasoma," Wawira akasema bila kuinua uso.

"Basi tumefunga. Tisini na saba."

Vijana saba waliobaki kwenye foleni wakanigeukia mimi, sijui kwa nini. Afisa naye akanigeukia, akitabasamu. "Mzee Mutwiri atanielewa. Nimeambiwa huyu ndiye bwana wa saa."

Nilisimama. Nilikuwa na barua yao mfukoni, ile ya mwanzo wa mwaka, na nilikuwa nimeisoma mara nyingi kuliko aliyeiandika. "Hapa mmeandika kufikia siku ya ukaguzi," nikasema. "Hamkuandika saa sita. Siku ya kazi inaisha saa kumi na moja jioni. Ukitaka kuifunga sasa, nionyeshe mahali palipoandikwa, nami nitapiga mstari mwenyewe."

Akaichukua barua. Akaisoma upande huu, akaigeuza nyuma, ambako hakukuwa na kitu. "Kwa hiyo unataka nifanye nini?"

"Ukae chini, bwana afisa. Mama anasoma."

Akakaa. Naapa sijawahi kuona kiti kikikaliwa kwa hasira namna ile. Wawira akaendelea. Ya sita, ya saba, ya nane. Ya tisa aliirudisha. "Wewe umefanya kazi miezi minne tu, umeandika mwaka," akamwambia kijana. "Utakuja mwaka ujao." Kijana akainamisha kichwa. Mimi nilishika meza kwa mikono yote miwili, kwa sababu kila sahihi nilikuwa naihesabu, na bado nilimwona ana haki. Akatia ya kumi, ya kumi na moja, na ya kumi na mbili. Akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akasogeza fomu zote kwa afisa.

Afisa akahesabu. Akarudia. "Mia moja na watatu," akasema, na sauti yake haikusikika tena, kwa maana akina mama wa Mbeere walikuwa wameshapiga vigelegele. Kinya alinikumbatia, yeye ambaye hata salamu hutoa kwa haraka. Wawira alibaki kitini, akiwatazama vijana wake wakirukaruka.

Nilitoka koridoni kutafuta hewa, na simu ikalia. Alikuwa Kaberia. Nyuma yake nilisikia gari la mwisho, lililochelewa siku hiyo, likiondoka na honi zake.

"Mzee, ndio tumemaliza kupakia," akasema, akihema. "Watu wote wamenizunguka hapa. Tumebaki ama tumefungwa?"

"Tumebaki," nikamwambia.

Akapaza sauti kwa Kimeru, na Laare nzima ikaitikia sikioni mwangu, wafungaji, bodaboda, wenye mashamba, watu ambao wengi wao hawajawahi kusikia jina la chama chetu. Baada ya wiki mbili mliniaga mjini Meru kwa keki na hotuba, na wengine mkashangaa kwamba Mzee wa Laini hakutoa hata chozi. Nilikuwa nimeshalia yote pale koridoni Embu, simu sikioni, na Kaberia akiuliza, "Mzee, uko hapo? Mzee?"